Mama anayeamka jenezani mara mia kwa siku

Saa tatu kasoro robo asubuhi. Mama wa miaka hamsini na mmoja anavua viatu, anavipanga chini ya meza, anapanda kwenye kiti cha plastiki na kuingia ndani ya jeneza. Anatanguliza mguu wa kulia, halafu wa kushoto, taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyoyaamini. Anajilaza. Anajifunika sanda mpaka kidevuni. Kisha anakumbuka jambo, anainuka tena.

"Mchinjaji! Umenichukulia kitambaa changu cha jasho?"

"Kiko shingoni kwako, Marehemu," anajibu mwanamume mrefu mwenye panga la bati, anayekunywa chai mlangoni.

"Ee, kweli. Haya, nifunike."

Mchinjaji anaweka kikombe chini, anaegesha kifuniko, anaacha upenyo wa vidole vitatu, anagonga mara mbili. Kutoka ndani inagongwa mara moja. Kazi imeanza.

Hili ni Jumba la Vitisho, ndani ya bustani ya burudani, kati ya bembea za watoto na vigari vya umeme vinavyogongana. Watu wa jiji hili hutishwa wiki nzima na bili, foleni na wakubwa wa kazini. Ikifika Jumamosi wanapanga foleni nyingine na kulipa ili watishwe tena. Ajabu ni kwamba wanatoka wakicheka, na wengine wanarudi nyuma ya mstari kuanza upya.

Jengo lenyewe zamani lilikuwa ofisi ya kodi. Wakubwa walihamia ghorofa la vioo, hili wakaliacha na popo wake. Mkata tiketi husema vitisho vya enzi zile vilikuwa vikali zaidi, na hakuna aliyewahi kutoka humu akicheka.

Vyumba ni vitano. Cha kwanza kina utando wa buibui wa nyuzi za kushonea. Cha pili kina kioo kinachokuonyesha bila kichwa. Cha tatu ndicho cha jeneza, na hapo ndipo anapofanyia kazi mama huyu, ambaye hakuna mfanyakazi hata mmoja wa bustani anayemwita kwa jina lake. Kwa wote yeye ni Marehemu. Ukipita asubuhi utasikia mtu akiuliza bila wasiwasi wowote, "Marehemu ameshafika?" na mwingine akijibu, "Ameshafika, anakunywa chai."

Siku za kawaida huinuka jenezani mara arobaini hivi. Jumamosi ni kati ya tisini na mia na ishirini. Anajua kwa sababu huhesabu, na huhesabu kwa sababu ndani ya jeneza hakuna kingine cha kufanya.

"Watu wanadhani kazi ni kuinuka," anasema. "Kuinuka hata wewe unaweza. Kazi ni kulala. Maiti hakunji vidole vya miguu. Mtu anayejifanya maiti lazima avikunje, hata hajui kama anavikunja. Mgeni naye hajui kwa nini haogopi, ila moyo wake umeshaona vidole."

Ana utaratibu wake. Kabla ya kufika kwenye jeneza kuna ubao wa sakafu uliolegea. Ukilia mara moja, mgeni wa kwanza ameingia. Huyo anamwacha apite. Wa pili pia anamwacha.

"Wa kwanza amejiandaa," anaeleza, akinyoosha vidole kimoja kimoja. "Wa pili amemshika shati wa kwanza. Wa tatu anacheka, anataka aonekane jasiri. Wa nne anawaza mambo yake: amefunga mlango nyumbani? simu iko wapi? Huyo wa nne ndiye wangu."

Asubuhi hii wa nne ni baba mmoja mnene mwenye tai. Ubao unalia mara ya nne, kifuniko kinasogea, uso wa kijivu unapanda polepole hadi usawa wa kifua chake. Baba yule hapigi kelele. Anamkabidhi maiti mkoba wake, kwa mikono miwili, kama anayetii amri ya mwizi, kisha anatoka mbio. Dakika mbili baadaye anarudi kuuchukua, anacheka mpaka anashika ukuta, na kuomba apige naye picha.

"Mikoba nimeshapewa mitatu mwaka huu," anasema Marehemu. "Na mtoto mmoja. Mama yake alinitupia mtoto, akakimbia. Yule mtoto ndiye aliyekuwa ananibembeleza mimi."

Uso ule wa kijivu ni unga wa ngano, majivu kidogo na mafuta ya kupikia. Weusi wa midomo ni mkaa. Uongozi uliahidi vipodozi vya kazi miaka miwili iliyopita, na bado unaahidi. Uliahidi pia feni kwa ajili ya chumba namba tatu, maana jeneza ni jeneza, halikujengwa kwa mtu anayepumua. Feni ilinunuliwa. Mwandishi wa makala haya aliikuta ofisini kwa meneja, ikimpepea.

Mume wake, fundi cherehani, ndiye aliyetoboa matundu ya hewa ubavuni mwa jeneza. Yeye pia ndiye anayemshonea sanda, kwa kuwa zinachakaa upesi kwa kufuliwa. Hadi sasa ameshona kumi na moja.

"Mume gani amemshonea mkewe sanda kumi na moja na bado anamwona mezani?" anauliza fundi, akicheka, uzi mdomoni. "Kila nikimaliza moja namwambia, hii nayo usiizoee."

"Na mimi namwambia, shona vizuri, usije ukaniaibisha mbele za watu," anadakia mkewe.

Waliobahatika kuzeeka na wenzao huongea hivyo, kwa utani, kama watu ambao muda wanao wa kutosha. Waendelee tu. Wasiulizwe.

Kabla ya jeneza, mama huyu alifanya kazi miaka kumi na tisa katika idara ya ufuaji ya hospitali kubwa ya jiji. Shuka zote zilipita mikononi mwake: za wodi ya wazazi, za wodi ya watoto, na zile zilizofungwa fundo kubwa, zilizotoka chumba cha maiti. Wenzake walizikimbia hizo za mwisho. Yeye alizichukua, kwa sababu mtu lazima azichukue.

Siku moja wafuaji thelathini na wanne walikuta karatasi imebandikwa mlangoni. Ufuaji ulikuwa umepewa kampuni ya nje. Hakukuwa na kikao wala mkono wa kwaheri. Aliyetia sahihi ile karatasi hakuwa hata amewahi kushuka ngazi kwenda kuona shuka zinafuliwa wapi. Shuka zenyewe, wanasema wagonjwa, siku hizi zinarudi na madoa. Lakini nani anamuuliza mgonjwa?

Alikaa miaka mitatu akifua nguo za majirani na kumsaidia mumewe kukunja pindo. Ndipo akaona tangazo kwenye ukuta wa bustani: *Anahitajika mtu asiyeogopa.*

Waliofika kwenye usaili walikuwa ishirini na mmoja. Kila mmoja alitakiwa kulala jenezani dakika ishirini bila kutikisika. Wengine walicheka. Wengine walijikuna. Mmoja alilia akataka baba yake. Yeye alipitiwa na usingizi.

"Alikoroma," anasimulia Mchinjaji, ambaye alikuwa amesimama pembeni siku hiyo. "Hebu fikiria: chumba giza, jeneza, halafu linakoroma. Meneja mwenyewe alitoka nje akasema kazi amepata, mwamsheni nyinyi."

Mshahara si wa kujivunia. Unatosha kodi ya vyumba viwili na mkaa wa mwezi, na mengine yote hulipwa na cherehani ya mume. Hata hivyo hakuna aliyewahi kumsikia mama huyu akisema anaondoka. Isipokuwa mara moja. Na mara hiyo ndiyo iliyomfanya mwandishi amtafute.

Ana binti mmoja, miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya chekechea. Mwaka jana binti alichumbiwa na fundi umeme, kijana mtaratibu, anayefuta miguu kabla ya kuingia ndani hata kama nje hakujanyesha. Kijana huyo alifiwa na baba na mama akiwa na miaka minne. Aliyemlea ni bibi yake, mama wa baba, ambaye sasa ana miaka themanini na mbili na ndiye mwenye kauli ya mwisho katika nyumba ile.

Ujumbe wa posa ulipokuja, bibi alikuja nao. Alikunywa chai, akamtazama mwenye nyumba, akauliza, "Na wewe mkwe, unashughulika na nini?"

Usiku wa kuamkia siku hiyo binti alikuwa amemshika mama yake mikono.

"Mama, nakuomba. Sema unakata tiketi. Tiketi tu."

"Na siku wakija kununua tiketi wakamkuta mwingine?"

"Basi sema chochote, ila usiseme jeneza."

Kwa hiyo mama alimjibu bibi, "Niko kwenye jumba la maonyesho." Si uongo. Lakini usiku ule hakulala vizuri, yeye ambaye hulala mahali ambapo hakuna anayeweza.

Maneno husafiri. Miezi miwili baadaye jirani mmoja alimnong'oneza bibi kwamba mama wa bibi harusi hulipwa kulala ndani ya jeneza. Bibi alimwita mjukuu wake, akamwambia neno moja lililotikisa nyumba mbili: kama ni kweli, ndoa haipo.

"Nisikufiche," bibi alimwambia mwandishi alipomtembelea nyumbani kwake. "Nilisema mtu anayelala jenezani kwa kupenda anakiita kifo mlangoni. Huyu kijana nimemlea peke yangu. Kifo kilishanipita mlangoni mara nyingi, tena bila kuitwa. Nikasema, sipeleki mjukuu wangu huko."

Binti aliposikia, hakugombana na mama yake. Ingekuwa afadhali angegombana. Akawa anaongea ya lazima tu: chumvi iko wapi, mlango umefungwa? Mama akachukua karatasi, akaandika barua ya kuacha kazi. Mistari miwili. Akaiweka kwenye mkoba wake, aende nayo kwa meneja Jumatatu.

Lakini kabla ya Jumatatu ilikuja Jumamosi, na Jumamosi hiyo bibi naye alikuwa ameamua kwenda kujionea kwa macho yake. Hakumuaga mtu. Alijifunga mtandio wake mweupe, akachukua bakora yake, akafika kwenye bustani, akapanga foleni nyuma ya wanachuo watatu.

"Mkata tiketi aliniambia, bibi, humo ndani kunatisha," anakumbuka. "Nikamwambia, mwanangu, mimi nimeshaishi."

Ndani ya jeneza, Marehemu anasikia ubao unalia. Mmoja. Wa pili. Wa tatu, anayecheka. Kisha sauti asiyoizoea: tak. Tak. Ubao unalia mara ya nne.

Anasukuma kifuniko, anainuka.

Mbele yake, usawa wa pua kwa pua, amesimama bibi wa mkwe wake.

Jumba la Vitisho lina kanuni tatu zilizopigwa chapa na kubandikwa ukutani. Maiti haruhusiwi kugusa wageni. Maiti haruhusiwi kuongea. Maiti haruhusiwi kula akiwa kazini. Katika miaka miwili Marehemu hajawahi kuvunja hata moja. Lakini mtu aliyelelewa akalelewa, akikutana uso kwa uso na mkubwa wake, tena mkwe, mdomo haungoji ruhusa.

"Shikamoo, bibi," maiti akasema.

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu hapo hapo, naye kwa mazoea ya miaka themanini. "Hujambo?"

"Sijambo, bibi."

"Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, bibi, wanakusalimu."

"Baba watoto?"

"Mzima."

Wanachuo walikuwa wameshaganda ukutani. Kwamba maiti ameinuka walilipia. Kwamba maiti ana watu nyumbani, na kwamba wanasalimu, hilo halikuwa kwenye tiketi. Walitoka wote watatu kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja. Kilibaki kiatu cha kushoto, ambacho mpaka leo mwenyewe hajakifuata.

Aliyewatangulia nje, hata hivyo, hakuwa mwanachuo. Alikuwa Mchinjaji, na panga lake.

"Nicheke, nicheke tu," anasema kwa uchungu wenye tabasamu. "Mimi niko chumba cha nne nangojea wageni, nasikia huku maiti anaongea. Najua ni mwenzangu, asubuhi tumekunywa chai pamoja. Lakini miaka miwili hajawahi kusema humo ndani. Nikajiambia, huyu anayesema leo siye. Miguu ikaamua yenyewe."

Chumbani walibaki wawili. Bibi alikuwa ameitambua sauti. Ndiyo ile iliyomkaribisha chai.

Aligonga jeneza kwa bakora. "Hizi mbao gani?"

"Mbao laini tu, bibi. Za bei nafuu."

"Nimeona. Haya, toka huko tuzungumze."

"Bibi, nisamehe. Niko kazini mpaka saa saba, muda wa chakula."

Bibi akatazama huku na huku, akaona kigoda kilichowekwa kwa ajili ya mafundi, akakaa. "Basi nitakungoja."

Na alikaa. Saa mbili nzima, gizani, kando ya jeneza, mtandio mweupe kichwani, mikono juu ya bakora. Wageni waliofuata walidhani naye ni sehemu ya maonyesho. Marehemu anasema siku hiyo hakuwa na haja ya kuinuka. Watu waliingia, wakamwona bibi, wakasimama. Bibi aliinua uso taratibu, akawaambia kwa upole, "Piteni, wanangu, piteni. Na nyinyi zamu yenu itafika."

"Nilikuwa nawaambia zamu ya kwenda kwenye bembea!" bibi anajitetea. "Mkata tiketi si ndiye aliyesema tiketi moja ni ya jumba na bembea? Sasa mbona walikuwa wanapiga mayowe?" Anasema hivyo, lakini macho yake yanamsaliti.

Saa saba walikaa wawili kwenye benchi nyuma ya ofisi ya tiketi. Marehemu alinawa uso, ukabaki na michirizi ya majivu. Alikuwa na mkate na chai ya chupa, akagawa. Alijua binti yake yuko wapi saa hiyo: nyumbani, anajifanya anapiga pasi.

"Kwa nini jeneza, mwanangu?" bibi akauliza. "Kazi zote za mji huu."

Akamweleza. Kuhusu shuka, miaka kumi na tisa. Kuhusu yale mafundo makubwa kutoka chumba cha maiti.

"Nilimwambia, bibi, mimi nimefua shuka za watu wasiohesabika ambao walilala hawakuamka. Kila fundo nilikuwa najua lina mtu. Sikuwahi kusikia mtu akicheka mahali pale, hata siku moja. Sasa hapa naamka mara mia kwa siku. Mara mia! Na kila nikiamka watu wanapiga kelele, halafu wanacheka. Nikamwambia, kama hili ni kosa, barua iko kwenye mkoba, Jumatatu naacha. Mwanangu aolewe."

Bibi alimaliza chai yake. Kisha akasema jambo ambalo Marehemu analirudia polepole, asije akapoteza neno:

"Nimezika mume, nimezika watoto watatu na mkwe. Majeneza matano nimekaa kando yake hivi hivi kama leo. Hakuna hata mmoja aliyeinuka akanisalimia. Wewe ndiye wa kwanza."

Aliyezika anaelewa. Ambaye hajazika asiwe na haraka.

Bibi akainuka, akaaga, akasema jibu ataleta. Marehemu akarudi chumba namba tatu akiwa hajui kama amepona au amekatwa.

Aliyekuja kumwona mchana huo alikuwa meneja. Hakuja kumpongeza, ingawa foleni ya siku hiyo ilizunguka mpaka kwenye vigari kwa jinsi habari za kile kibibi zilivyoenea. Alikuja kulalamika kwamba mzee yule alilipa tiketi ya kupita, siyo ya kukaa. Jumatatu ikatoka barua ya onyo, ambayo mwandishi ameisoma kwa macho yake. Kichwa chake kinasema: *Yah: Kuongea ukiwa maiti.* Inaendelea: *Tarehe iliyotajwa hapo juu, ukiwa maiti, ulimsalimia mteja na kujibu maswali yake kinyume na kanuni namba mbili.*

Alipoulizwa, meneja alisema, "Salamu ni jambo jema, lakini kila kitu kina utaratibu wake." Alisema hivyo akiwa mbele ya feni.

Siku zikapita. Moja, tatu, saba. Barua ya kuacha kazi ilikuwa bado mkobani. Mumewe alimwomba angoje jibu kwanza. Binti alikuwa anaenda shule na kurudi. Hakuna aliyethubutu kutaja neno harusi.

Siku ya kumi na moja, jioni, kijana alibisha hodi. Alifuta miguu. Akaingia, akasimama katikati ya chumba.

"Bibi amenituma," akasema. "Amesema hivi. Kwanza, lile jeneza lina joto, mtampika mtu. Pili, zile mbao hazifai."

"Na tatu?" fundi cherehani akauliza.

"Tatu, tupange siku."

Binti hakumkimbilia mchumba. Alikwenda kwenye mkoba wa mama yake, akatoa ile barua, akaichana vipande vinne, kisha akakaa chini akalia na kucheka kwa pamoja, na mama yake akawa hajui amfute machozi au amwache acheke. Mumewe anasema ndiyo siku pekee aliyoshona mkono wa shati shingoni.

Jumamosi iliyofuata binti alifika kwenye bustani kwa mara ya kwanza. Alikuja na walimu wenzake watatu, akajipanga wa mwisho. Ubao ukalia mara nne.

"Alipiga kelele, ‘Mama!’" anasimulia Marehemu, akicheka mpaka anajifuta macho. "Wote huwa wanaita mama. Ila huyu peke yake ndiye mwenye haki."

Tangu hapo mambo yamebadilika kidogo chumba namba tatu. Watu walianza kuja na bibi zao na babu zao, wakiuliza kama ni kweli kuna maiti anayesalimia. Wazee walifurahi. Meneja akaona foleni, akasahau utaratibu. Kanuni namba mbili imefutwa kwa kalamu na kuandikwa upya pembeni: *Maiti asiongee, isipokuwa kwa wakubwa wake.* Barua ya onyo, hata hivyo, haijafutwa. Kukiri kosa, kwa wenye viti, ni kazi ngumu kuliko kulala jenezani.

Meneja alimfuata hata bibi nyumbani, kumwomba aje kukaa kile kigoda kila Jumamosi. Bibi akamuuliza malipo. Akatajiwa.

"Kwa hela hiyo," bibi akamjibu, "nitakaa hapa hapa nitishe wajukuu bure."

Huja, lakini kwa hiari yake, siku akijisikia. Hanunui tiketi. Hakuna mtu wa kumzuia mlangoni, na Mchinjaji anakiri kwamba siku hizo yeye huomba kubadilishana na wa chumba cha tano.

Harusi ni baada ya wiki tisa. Itakuwa Jumamosi, kwa sababu ukumbi uliopatikana ni wa Jumamosi. Marehemu ameomba ruhusa ya siku hiyo kwa maandishi. Jibu alilopata ni kwamba Jumamosi ni siku ya kazi na maiti ni mmoja tu. Ameomba mara ya pili. Akinyimwa tena, anasema, atakwenda bila ruhusa, na barua nyingine ya onyo waibandike wanapotaka.

Mumewe ameshaanza kumshonea gauni. Ni la njano, rangi aliyoichagua binti. Kuhusu kazi, Marehemu hana mpango wa kuacha. Ana mpango wa kufundisha wanawake wawili aliofua nao shuka hospitalini, ili jeneza lipate zamu na yeye apate siku ya kupumzika kama watu wengine. Ameshawajaribu sebuleni, juu ya mkeka. Mmoja anakunja vidole. Mwingine anatia matumaini.

Lakini alipoulizwa anatamani nini zaidi, hakutaja zamu wala mshahara. Aliweka kitambaa cha jasho begani, akafikiri, uso ukiwa bado na unga.

"Nataka niingie ukumbini mchana kweupe," akasema, "nimpigie bibi magoti nimsalimie mbele ya watu wake wote. Na asikimbie hata mmoja."